Vijana wa kitaluni, hiyo maka peni iwekeni chini

Jana nimemkuta kijana wetu mpya anaandika vibao vya miche kwa maka peni, mwandiko wa kupendeza kweli. Nikaguna. Maradhi hayo nilishayaugua.

1. Andika kwa penseli, kwenye kibao cha alumini, ukandamize.

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa mbegu za msambo, mti wa msituni, fungu moja la milima ya Usambara Mashariki, jingine la milima ya Uluguru. Msambo mnaujua: unaatika leo, watu wanaoana, wanazaa, ndipo unachungulia. Miche ilipochomoza, jua na mvua vilishafuta vibao vyangu vyote. Badala ya kusema, nikajipa moyo kwamba nakumbuka: za Uluguru zilikuwa upande wa bomba. Nikaandika upya. Kumbe bomba lilishahamishwa!

Uongo ule niliumwagilia maji kila asubuhi, karibu miaka miwili. Wakaja watu kutafuta miche ya kurudisha Uluguru, nikatumwa kuhesabu. Nikasimama katikati ya viriba, nikashindwa. Jani lile lile, shina lile lile. Na kupanda wa Usambara kule, ukachavushane na wa kule, ni kuvuruga kile kile tunachokihifadhi. Nikaenda kukiri. Mkuu wangu hakufoka. Alifungua daftari la usajili, akaandika "asili haijulikani" mstari kwa mstari, mimi namshikia rula. Heri angefoka. Miche ikagawiwa kuwa miti ya kivuli.

2. Mbegu ya msambo usiikaushe, inakufa. Friji ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ya kuhifadhi mbegu zinazovumilia kukauka. Ukiwa na shaka, uliza kwanza, friji haikimbii.

3. Wakija wanafunzi, Kilatini kiweke mfukoni. Mimi huanza na ndege, hondohondo. Nawaambia Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Amani, kule Usambara, mwaka 1902, wakajaribu miti ya kila namna, na mmoja wa kigeni, Maesopsis eminii, hondohondo wakaupenda: wanakula matunda, wanadondosha mbegu msituni. Ukaenea mpaka kuwa kero. Hapo hata wale wa nyuma wanaosukumana wananyamaza. Safari moja binti wa darasa la tano akaniuliza, "Kwa hiyo na bustani nazo hukosea?"

"Hukosea, mwanangu."

"Halafu mnafanyaje?"

Mwalimu wake akacheka. Mimi nilikuwa nalitazama bomba.