Mwanangu Alimshukuru Mungu Krismasi Inaisha

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja ananiuliza, "Dada, unafanyaje mpaka nyumba inakuwa na amani sikukuu hizi, maana kwangu kila Desemba ni makelele tu." Nikacheka kwanza. Angenikuta miaka miwili iliyopita asingeniuliza hilo swali.

Mwaka ule nilikuwa nimepania. Usafi, mapazia, nguo za watoto, wageni, yaani kuanzia tarehe 1 mi ni kufoka tu, nani kakanyaga hapa, nani kagusa hiki, baba watoto akawa anashinda nje anajifanya anatengeneza geti. Ikafika mkesha, wageni wapo mezani, nikajidai sasa kila mtu aseme anamshukuru Mungu kwa lipi, nilitaka waone tunavyolea watoto kiroho. Binti yangu wa miaka sita akasema, "Asante Mungu kwa sababu kesho Krismasi inaisha." Watu wakacheka. Wifi yangu ndo alicheka kuliko wote na mpaka leo hiyo stori anaisimulia kila tukikutana, sawa tu, nimesamehe. Kusahau ni kitu kingine. Usiku nikajifungia bafuni nikalia.

Hebu fikiria, wamenisikia nikinung'unika siku 24 mfululizo, afu nataka dakika tano za mezani ziwafundishe shukrani!

Mwaka jana nikaanza mapema, Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, tukachukua Zaburi 136. Ina mistari 26 na yote inaishia na kiitikio kilekile, kwamba fadhili zake ni za milele, basi mmoja anasoma wengine mnaitikia, mkimaliza kila mtu anatunga mstari wake wa siku hiyo. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu, "kiatu changu kimeonekana", wote "kwa maana fadhili zake ni za milele!" Mpaka siku baba watoto alipotaja kazi aliyoikosa, akasema anashukuru hatukumchoka. Nilikuwa sijui kama anaona tumemchoka. Hapo kuitikia kulichelewa kidogo.

Kwa hiyo dada yangu, shukuru kwa sauti, watoto wasikie, na mumeo mshukuru kwa kitu unachokitaja, sio "asante" ya juu juu. Mapazia yaache. Bwana Yesu alilazwa horini, sidhani kama kuna mtu alipiga deki kwanza. Na wale wakoma kumi wa Luka 17 walitakasika wote, aliyerudi kushukuru mmoja, sasa wewe mama wa maombi uliyefunga mwaka mzima na ukajibiwa, uko na nani? Usiniambie uko bize. Hata mimi nilikuwa bize, na wale tisa.

Kufoka bado nafoka, wiki iliyopita tu nimewafokea kwa ajili ya taulo. Na wifi anakuja tena mwaka huu. Nimeshapanga, mstari wa kwanza anasoma yeye.