Je, Kuchemsha Maji ni Kufuata Dhana?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Mimi ni mama wa watoto, naishi Micheweni, Pemba. Wahudumu wa afya wamepita kutuhimiza tuchemshe maji ya kisima au tuyatie dawa, tujikinge na kipindupindu. Shemeji yangu anakataza. Anasema habari ya vijidudu ni nadharia tu, kesho wanasayansi wataibadilisha, na Qur'ani imeshasema dhana haifai kitu mbele ya haki. Nimfuate?

JIBU: Waalaikumussalam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Dada yangu, chemsha maji. Yaliyobaki ni ya shemeji yako, maana hoja hii nimeisikia sana, na inanihuzunisha inapovishwa aya ya Qur'ani.

Aya anayoisoma ni ya 28 katika Suratun-Najm. Iliyo kabla yake inawataja waliowapa malaika majina ya kike. Wanaolaumiwa pale ni wenye kusema bila ya ujuzi wala dalili. Ama dhana yenye nguvu, iliyosimama juu ya dalili, sisi watu wa fiqhi tunaifanyia kazi kila siku. Aliye chomboni baharini, mawingu yametanda, hajui kibla kiko wapi, hujitahidi kwa alama alizonazo kisha akasali. Hadithi nyingi tunazotolea hukumu ni za aahaad, yaani zilizopokewa na wapokezi wachache, na wanavyuoni wengi wa usuli, elimu ya misingi ya fiqhi, wamesema hizo hufikisha dhana yenye nguvu, si yakini. Shemeji akizitupa zote, atabaki na nini katika sala yake?

Sasa hao vijidudu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Soho, London. Madaktari wengi wakati ule waliamini kinaletwa na hewa chafu. Tabibu John Snow alishikilia kwamba kinapita kwenye maji. Akafuatilia nyumba za waliokufa, akakuta wengi wakichota pampu moja. Kisha akapata habari ya mjane wa Hampstead, mbali na pale, aliyekuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa kuwa akiyapenda. Naye alikufa kwa kipindupindu. Hewa ya Soho haikumfika, maji yalimfika. Miaka 30 baadaye, 1884, Robert Koch akakithibitisha kijidudu chenyewe akiwa India.

Kweli, wanasayansi hubadilisha kauli. Ile ya hewa chafu waliiacha kwa sababu dalili ziliikataa. Hii ya vijidudu imejaribiwa kila pahala tangu hapo, na imesimama. Kuitwa nadharia hakuipunguzii kitu, wala haingoji kupandishwa cheo ndipo ikubaliwe: ndiyo maelezo yanayoeleza kwa pamoja vifo vya Soho, vifo vya mji wa Unguja mwaka 1869 na 1870, na hatari ya kisima chenu leo.

Huenda akakutajia hadithi ya "hakuna kuambukiza". Abu Huraira huyo huyo aliyeipokea amepokea pia kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Wanavyuoni wamezikusanya: maradhi hayaambukizi kwa nguvu zake yenyewe, bali kwa kudra ya Allah, aliyeziweka sababu.

Usigombane naye. Msomee Suratul-Israa, aya ya 36, inayokataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, kwani anayekanusha bila kuchunguza naye inamhusu. Maji yachemke hasa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Na mtoto akianza kuharisha majimaji, mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayokorogwa kwa maji salama, huku mnakimbilia hospitali, wala msimngoje mtu atoe ruhusa.

Wallahu aalam.