Nani kaiba "shule"? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikamwekea na jirani mama maandazi tukacheka mpaka machozi. Yaani mke mwenzangu karudi na begi lake mgongoni huko Leipzig anakuuliza mama, mbona Wajerumani wanasema shule kama bibi, nani kaiba kwa mwenzake? Na we ukakosa jibu ndo ukaniletea mimi, halafu mwishoni ukashusha sauti ukauliza, kwani mama, kwenye Kiswahili cha kwetu wenyewe ni kipi? Nikaona voisi haitoshi, nimefunika cherehani nimekaa kuandika, maana swali hili ni la nyumba hii tangu enzi zile umeme ukikatika tunakaa barazani tunacheza neno limetoka wapi na anayeshindwa anaosha vyombo.

Kwa shule mwambie ukweli, sisi ndo tuliochukua. Wajerumani walikuwa watawala hapa, 1891 wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo wakayaleta Dar, wakafungua shule za serikali maana walitaka makarani, bas Schule yao ikawa shule yetu. Ushahidi anao shangazi yako wa Unguja, yeye mpaka leo anasema skuli, kwa sababu Zanzibar ilikuwa chini ya Mwingereza tangu 1890, kwa hiyo neno la Kiingereza ndo lililoshuka kule. Boti ya saa mbili tu katikati, huku shule kule skuli.

Na hela pia ni ya kwao. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64, hebu fikiria kupiga hesabu ya chenji sokoni kwa 64, bas 1904 wakaleta sarafu inaitwa Heller, 100 kwa rupia moja, na watu wakaita hela. Heller yenyewe imepewa jina la mji uliokuwa unagonga sarafu hizo zamani sana, Schwäbisch Hall, uko hukohuko kwenu Ujerumani. Kwa hiyo mtu hapa Tandika akisema sina hela anautaja mji ambao hajawahi kuusikia. Mkipata likizo mpelekeni akauone, apige picha anitumie.

Ila kwangu mimi daladala ndo tamu kuliko zote. Nilikuwa binti, vibasi vya watu binafsi vinabeba abiria kwa kujiibia, nauli shilingi 5, na sarafu ya 5 tulikuwa tunaiita dala, yaani dola, konda ananing'inia mlangoni anaita dala! dala! mpaka gari lenyewe likapata jina. Sasa hiyo dola ifuate nyuma uone inakokwenda, imetoka kwenye thaler, na thaler ni kifupi cha Joachimsthaler, sarafu ya fedha iliyoanza kugongwa miaka ya 1520 hivi kwenye bonde la Joachimsthal, siku hizi ni Jáchymov kwenye Jamhuri ya Czech, mkifungua ramani sio mbali sana na mlipo. Thal ni bonde, mke mwenzangu neno hilo lazima analijua. Kwa hiyo konda wa Mbagala akiita daladala kwa mzizi anaita bonde bonde. Mi nikiwa nimesimama kituoni jua linaniwakia huwa naliwaza hilo na foleni inapungua urefu.

Sasa kuna jambo lazima nilinyooshe kabla halijakwenda mbali. Unakumbuka "wale wawili wa liwali wala wali wa liwali", ulimi ulikuwa unakutegukia hapo kila siku, na ulipouliza liwali ni nani nikakujibu ni bwana mkubwa aliyekuwa anakula chakula hicho peke yake ndo maana kikaitwa wali. Mwanangu, si kweli. Niliitoa kichwani ulale, na juzi kwenye voisi nimekusikia unamhadithia mtoto hivohivo, roho ikaniuma. Tafadhali mfutie.

Liwali alikuwa mtawala wa mji aliyewekwa na Sultani pwani hii, kwa Kiarabu al-wali, ile "al" ya mbele ikaganda na neno ndo tukapata liwali. Eneo la mtawala wa namna hiyo ndo wilaya. Na Ulaya? Ulaya ni wilaya hiyohiyo! Wahindi nao walikuwa nalo, wakalitumia kwa nchi ya ng'ambo wanakotoka wazungu, na kwetu likakaa kwa mara ya pili kwa maana hiyo, sura imebadilika kidogo tu. Kwa hiyo mimi niko Wilaya ya Temeke, we uko Ulaya, watu wananiambia mwanao yuko mbali na mimi najua kwa maneno tuko chumba na sebule.

Na haliishii hapo. Siku ya nikaha yako, baba yako alikuwa ametangulia mbele ya haki, aliyekaa mbele ya shehe ni baba yako mkubwa, na cheo chake pale kilikuwa nini? Wali. Wali wako, mtu wa karibu mwenye dhamana juu yako, mzizi uleule wa liwali na wilaya. Nilikuwa ndani na wanawake nasikia kwa kipaza sauti, alipofika "nimekuozesha" sauti ikamkwama, akanyamaza, akaanza upya. Mimi kila nikikuta kibao cha ofisi ya wilaya nausikia ule ukimya wake.

Wali wa kula wenyewe haumo kabisa kwenye ukoo huo. Ndugu yake wa damu ni ugali. Ni neno moja la kibantu, kwa watu wa pwani ile g ikadondoka tukabaki na wali, bara g ikabaki, halafu ugali ukashuka mjini na wenyewe wakakutana kwa mama ntilie hawajuani. Anakuuliza "wali au ugali?" kumbe kakutajia neno moja mara mbili. Hili mwambie taratibu maana najua hapendi ugali.

Haya, na lile swali la mwisho, kwetu ni kipi. Mwingereza aliweka kibao cha "keep left" kwenye mzunguko wa barabara kuwaambia madereva wapite kushoto, sisi tukauita mzunguko wenyewe kipilefti, na ikijengwa miwili tayari ni vipilefti. Nani katufundisha hivo? Hakuna, ni kama kitabu, Kiarabu ni kitab na ile ki ni ya kwao wala si ya ngeli, ila sisi tulipoisikia tu tukasema vitabu. Nenda gereji, madigadi ni neno la Kiingereza zima na ma yake, mudguard, fundi anakwambia digadi moja imebonyea, keshaikata ma akaiweka kwenye wingi. Hiyo ki na vi, hiyo ma, hatukumwazima mtu. Jora linakuja na meli kutoka China, gauni likitoka hapa kwangu watu wanasema hili la Temeke.

Na kama wenzake darasani watamwambia lugha ya bibi ni ya kuokota, awaulize safari kwa Kijerumani ni nini. Watajibu Safari. Wameitoa kwetu, na sisi tuliitoa kwa Waarabu, safar, na hakuna anayedai.

Nimemshonea foronya mbili za kitenge, moja ina samaki moja ina minazi, zitakuja na yule binti anayesafiri mwezi ujao. Usimwambie ni nini wala neno limetoka wapi, mwache akisie kwanza. Kidokezo: sio Mjerumani, sio Mwarabu, ni watu waliotuachia meza, bendera na leso. (Jibu ni Wareno, wao wanasema fronha, ila we kaa kimya.) Akipata, vyombo vya siku hiyo unaosha wewe, na mimi nataka video.

Mama yako,
Temeke