Maswali yenu: mabano ya Geneva na bunduki za ziwani

Niliposimulia hapa kwamba miaka ya mwisho ya utumishi wangu niliimalizia kwenye vikao vya kudhibiti silaha, sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika. Haya ni machache. Wawili walioulizia bei ya bastola nimewafuta.

Shikamoo mzee. Nipo mwaka wa pili chuoni hapa Malimbe, Mwanza. Nataka kuwa mwanadiplomasia wa masuala ya silaha. Naanzia wapi?

Marahaba mwanangu. Hakuna anayeajiriwa moja kwa moja kwa ajili ya silaha. Unaomba nafasi ya Afisa Mambo ya Nje kupitia Sekretarieti ya Ajira kama wenzako, kisha unapangiwa idara, na usishangae miaka ya mwanzo ikiishia kwenye kupokea wageni uwanja wa ndege na kuhakikisha bendera haijapinduliwa. Wengi hupitia Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Ukifika dawati la Umoja wa Mataifa, ulizia ufadhili wa mafunzo ya upokonyaji silaha. Umekuwepo tangu 1979 na huchukua maofisa wapatao 25 kwa mwaka. Wanapelekwa Geneva, Vienna, The Hague na New York, hadi Hiroshima na Nagasaki kuzungumza na manusura wa bomu. Jina lako linapelekwa na serikali, hujiombei mwenyewe, kwa hiyo usigombane na mkuu wako wa dawati. Na anza Kifaransa leo. Mimi nilikianza nikiwa na miaka 41, nikakiongea kama mtu anayetafuna muwa.

Mzee, hivi kutwa nzima mnafanya nini kwenye hivyo vikao?

Tunagombania maneno. Rasimu ya mkataba ikija, kila neno ambalo nchi fulani hailitaki linawekwa kwenye mabano. Nimewahi kushika ukurasa wenye mabano mengi kuliko maneno. Kazi ni kuyatoa, moja baada ya jingine. Je, nchi "itaharibu" silaha hizo au "itajitahidi kuharibu"? Neno hilo moja linaweza kula siku tatu, maana ndani yake kuna maghala ya watu na pesa za watu.

Aliyezoea soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba atanielewa. Mchuuzi wa dagaa hakutajii bei ya mwisho mbele ya watu. Mnasogea pembeni, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo anakuambia. Geneva pembeni ni mgahawani. Ukumbini kila mtu anasoma alichotumwa na makao makuu, na kahawa ndiyo inayotoa mabano.

Nisiwadanganye kwamba daima yanatoka. Mkutano wa Upokonyaji Silaha wa Geneva una nchi 65. Kenya imo, sisi Tanzania si wanachama. Uamuzi lazima wote wakubali, kwa hiyo mmoja akikataa, mmekwama. Mkataba wa mwisho kujadiliwa pale ni ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, mwaka 1996, na hata huo ulikwama mlangoni ikabidi upelekwe Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa New York kupigiwa kura. Mpaka leo haujaanza kutumika. Tangu hapo ukumbi unafunguliwa, viti vinakaliwa, na mkataba hakuna. Mwenye haraka akatafute kazi nyingine.

Nipo kidato cha tano Sengerema, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Hii kazi ni ya watu wa sheria na historia tu?

Hapana. Shirika la kuzuia silaha za kemikali lililopo The Hague na lile la nguvu za atomiki la Vienna yana wakaguzi wenye kemia na fizikia vichwani. Mwanadiplomasia anaandika kwamba mtambo ukaguliwe, lakini wewe ndiye utakayejua kama unachoonyeshwa ni kiwanda cha mbolea au kitu kingine. Kaza buti.

Tanzania haina bomu la nyuklia. Tunakwenda kujadili nini?

Nyumba ya jirani ikiungua, moshi hauulizi nani alinunua kiberiti. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alijiunga na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki kuyataka mataifa makubwa yasimamishe mashindano ya nyuklia. Hakuna hata mmoja wa wale sita aliyenyamaza kwa kuwa hana makombora ya kutosha. Afrika nayo ilijitangaza bara lisilo na silaha hizo kwa Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo 1996 na kuanza kutumika 2009. Na mwaka 2017 nchi 122 zilipopiga kura kupitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, kura ya nchi ndogo ilihesabiwa moja, sawa na ya nchi kubwa. Wenye mabomu hawakuja kabisa. Hilo nalo lina maana yake.

Mimi ni mama, nipo Buhongwa. Binti yangu anaitaka hii kazi. Si hatari, mambo ya mabomu?

Mama, hatari kubwa ni mgongo, kwa kukaa. Mabomu yenyewe wanayanusa panya buku waliofunzwa Morogoro. Mmoja wao, Magawa, alifichua mabomu na milipuko zaidi ya 100 huko Kambodia na akavishwa medali ya dhahabu mwaka 2020. Binti yako atakaa na makaratasi. Kitakachokuumiza ni kumwona mara moja kwa mwaka. Mama Getrude Mongella alitoka hapo Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, akaenda kuongoza mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, kwa hiyo njia ya kutoka kwenye maji haya ipo. Mwache aende.

Mzee, mimi mvuvi wa kisiwa cha Ukara. Msimu uliopita tulivamiwa usiku ziwani, tukaelekezewa bunduki, wakabeba mashine ya mtumbwi na nyavu. Hiyo mikataba yenu ilikuwa wapi?

Pole sana ndugu yangu. Swali lako ndilo lililonichelewesha kuandika.

Usiku ule haikuwa popote. Mkataba hauna boti ya doria. Na kuchelewa ni ugonjwa wake wa zamani. Wakubwa wa huku wanakumbuka 1994, Mto Kagera ulipotuletea maiti ziwani na watu wakaacha kula samaki. Mauaji ya Rwanda yalianza Aprili, Baraza la Usalama likapitisha zuio la silaha tarehe 17 Mei. Hesabu mwenyewe wiki.

Mkataba unafanya kazi kabla na baada. Bunduki nyingi za kiwandani zilizo mikononi mwa majambazi zilianza zikiwa halali, kwenye ghala la mtu fulani. Ndiyo maana Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilisaini Itifaki ya Nairobi, yenye kutaka kila bunduki ichapwe alama, iandikwe kwenye kumbukumbu na ifuatiliwe ikipotea. Ziwa hili ni la nchi tatu. Jambazi akivuka mstari ambao hata samaki hawauoni, askari wa upande huu anaishia hapo, lakini namba iliyochapwa kwenye chuma inaweza kuvuka. Bunduki ikikamatwa, namba iseme ilitoka kwa nani. Gobore la kienyeji halina namba, na kwa hilo sina jibu zuri la kukupa.

Ila mashine yako mpya ina namba. Iandike kwenye daftari la nyumbani, si ndani ya mtumbwi, na nakala umpe mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo.