Makanisa Matatu, Wodi Moja

SWALI

Mhariri, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa katika Kanisa la Anglikana hapa Malindi. Mtaani kwetu kuna makanisa matatu yaliyo karibu karibu: letu, la Wakatoliki na la Wamethodisti. Kila moja hupeleka chakula na maombi hospitalini Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kwa kuwa sote tumeshika siku hiyo hiyo, wagonjwa huletewa sahani tatu za pilau mchana mmoja, kisha wiki tatu hawamwoni mtu. Nilipendekeza tugawane zamu. Baraza letu likakataa, wengine wakisema tutanyang'anywa waumini, wengine wakisema hatuwezi kuhudumu na watu tusiokubaliana nao mafundisho. Je, inawezekana kushiriki utume mmoja kabla hatujakubaliana mafundisho? Na nikimsindikiza dada yangu, ambaye ni Mkatoliki, naweza kupokea Komunyo kwao?
Mzee wa Kanisa, Malindi

JIBU

Mzee mwenzangu, sahani zako tatu zimenikumbusha siku nilizolazwa wodini miaka mingi iliyopita. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mkulima kutoka Magarini. Jumapili alasiri vikundi viwili kutoka makanisa mawili vilimfikia kwa wakati mmoja, kimoja kikasimama kichwani, kingine miguuni, na kila kimoja kikingojea kingine kimalize. Hatimaye kimoja kikaanza wimbo, cha pili nacho kikaanza maombi kwa sauti ya juu zaidi. Mzee yule akavuta shuka hadi usoni. Walipoondoka alinigeukia akaniuliza kwa upole kama watu wale wote ni wa Mungu mmoja, nami sikuwa na jibu la kumpa wakati ule.

Katika Yohana 17, Bwana wetu anawaombea wanafunzi wake wawe na umoja ili ulimwengu upate kuamini kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Umoja na utume vimo ndani ya ombi moja, wala hatuambiwi tumalize kwanza cha kwanza ndipo tuanze cha pili. Nasi wa Pwani, ambao majirani zetu wengi ni Waislamu, tunapaswa kulisikia ombi hilo kwa uzito zaidi, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha jirani anatutazama.

Waambie wazee wenzako kwamba Kanisa la Pwani yetu lilipandwa kwa mikono iliyochanganyika. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, alikuwa Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri, lakini aliyemtuma ni chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai mwaka 1846. Kisha mwaka 1862 Krapf huyo huyo akarudi Pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe. Baraza lenu na la jirani zenu Wamethodisti, kwa hiyo, mna mzee mmoja katika ukoo wa imani.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa maana historia hiyo ina ugomvi pia. Mwaka 1913 wamishenari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kutafuta namna ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano Askofu wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ambamo wasio Waanglikana nao walishiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika mno, akawashtaki Askofu wa Mombasa na mwenzake wa Uganda kwa uzushi, na mzozo huo ukafika hadi Uingereza. Zanzibar na Mombasa, Waanglikana kwa Waanglikana, waligombana juu ya Meza. Na kila upande ulikuwa na Biblia yake, ya Kiunguja iliyokamilika mwaka 1891 na ya Kimvita iliyokamilika mwaka 1914. Lakini Biblia ya Union Version, ambayo bila shaka ndiyo unayoishika kila Jumapili, ilitoka mwaka 1952 ili pande hizo zisome maneno yale yale. Hawakungoja suala la Meza limalizike ndipo waketi kutafsiri pamoja. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

Isitoshe, tofauti za mafundisho huenda ni ndogo kuliko baraza lenu linavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lililowatenganisha tangu siku za Martin Luther, na mwaka 2006 Wamethodisti wakajiunga nalo.

Hofu ya kupoteza waumini siidharau, kwa sababu kuvutana waumini kupo na kunaumiza. Kubalianeni kwa maandishi kwamba anayehudumu wodini hasemi habari za kanisa lake isipokuwa ameulizwa, na kwamba mgonjwa akitaja kanisa lake, padri au mchungaji wake apigiwe simu siku hiyo hiyo. Someni kutoka Biblia ya Habari Njema, kwa kuwa Wakatoliki na Waprotestanti waliitafsiri pamoja. Kila kanisa lichukue Jumapili yake, na ya mwisho mwende pamoja. Viongozi wenu nao wazoeane kiasi cha kuulizana habari za kila mhubiri mgeni. Baada ya yaliyotokea Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni, sioni kiongozi wa Malindi anayeweza kusema kwamba mambo ya kanisa jingine hayamhusu.

Kuhusu Komunyo, la, kwa kawaida huruhusiwi. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wako, uliofanywa kwa maji katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, lakini kwao kupokea Ekaristi ni kukiri umoja kamili wa imani na uongozi, nao bado haujapatikana. Msindikize dada yako, imbeni pamoja, na wakati wa kupokea ubaki kwenye benchi ukiomba. Utaona uchungu, nami nauona kila nikiwa mahali pako. Usiufiche, mwambie dada yako. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo huadhimishwa tarehe 18 hadi 25 Januari, basi mwalike kwenye maombi ya wiki hiyo, na ikiwezekana zamu ya kwanza ya hospitali ianze Jumapili itakayoangukia ndani yake.