Mwamba kuonekana unapanda baada ya kutazama maporomoko

Je, mwamba huonekana kupanda kwa sababu macho yamechoka? Hapana. Ukikodolea maji yanayoporomoka kwa nusu dakika hivi, niuroni (seli za neva) za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, zinazoitikia mwendo wa kushuka hupunguza mipigo yake ya umeme. Ukihamia kwenye mwamba ulio kando, zile za mwendo wa kupanda zinazizidi nguvu, basi mwamba unaonekana kupanda. Robert Addams aliliandika hili mwaka 1834 baada ya kutazama maporomoko ya Foyers, Uskoti. Jipime: tazama kwa jicho moja, kisha lifumbe ufungue la pili. Mwamba bado utapanda, ingawa kidogo, na taarifa za macho mawili hukutana kwenye gamba, si kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga); basi chanzo kiko kwenye ubongo, si jichoni. Ila kwa sungura, watafiti Barlow na Hill (1963) walikuta kupungua huko kwa mipigo kwenye retina yenyewe.