Maswali na majibu: Wadudu wamekula kiasi gani?

Swali (Igunga): Msimu uliopita mahindi yangu yalipatwa na ukame na viwavijeshi vamizi kwa pamoja. Nitajuaje kipi kilinipunguzia mavuno?

Jibu: Msimu ujao tenga vipande viwili vya ukubwa mmoja, vyenye udongo, mbegu na siku ya kupanda ileile, kimoja ukilinde dhidi ya wadudu tangu mahindi yanapoota, kingine ukiache. Kwa kuwa ukame utavipata vyote viwili, tofauti ya mavuno utaihesabu kuwa ya wadudu: kilicholindwa kikitoa kilo 18 na kingine kilo 15, zikiwa zimekauka sawa, wadudu wamechukua moja ya sita. Usikadirie hasara kwa majani yaliyotoboka pekee, maana mmea mchanga ukipata mvua huweza kujirudi. Wa kuhofia ni ule ulioliwa moyo. Rudia kipimo hiki kila msimu, kwani mmea wenye kiu hushindwa kujirudi, na kiwavi yuleyule huleta hasara kubwa zaidi.

Swali (Nzega): Je, hasara ya ndege aina ya kweleakwelea kwenye mtama hupimika?

Jibu: Hupimika. Mtama ukishamaliza kuchanua, funika masuke kadhaa kwa vifuko vya chandarua, kisha wakati wa mavuno yapime pamoja na idadi ileile ya masuke yaliyoachwa wazi.

Swali (Uyui): Moja ya tano ya punje zangu ghalani zina matundu. Je, nimepoteza moja ya tano ya mahindi?

Jibu: Hapana, kwa sababu punje iliyotobolewa hubaki na sehemu ya uzito wake. Chukua punje 500 bila kuchagua. Tuseme nzima 400 zina gramu 120 na zilizotobolewa 100 zina gramu 15: zote zingekuwa nzima zingefika gramu 150, nawe unazo 135, kwa hiyo umepoteza asilimia 10.

Lakini kama ni dumuzi, mdudu wa ghalani ambaye wengi humwita Scania na ambaye uvamizi wake barani Afrika ulitambuliwa kwanza hapahapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu hiyo hupunguza ukweli. Mdudu huyu husaga punje hadi ikawa vumbi, na punje iliyokwisha kabisa haihesabiki tena. Ninawasihi wakulima wenzangu watenge gunia moja lisilochotwa kitu, walipime siku ya kuhifadhi, na kila mwezi wachekeche vumbi lake walitupe, kisha wapime upya gunia hilo.